Pa Kulala kwa Mkoba Mwepesi

Kazi ya Deolinda Quaresma ilikuwa kulala, na sidhani kama katika Ureno nzima kulikuwa na mwanamke aliyechoka kumshinda. Kila mwaka, mvua za Novemba zikianza, alifunga sanduku lake akazunguka mijini, Évora, Braga, Coimbra, Porto, leo kitanda hiki kesho kile, ili kitabu cha Pa Kulala Mjini kitoke kabla ya Pasaka kikiwa na hoteli zilizochaguliwa kwa kila aina ya msafiri. Wenye nazo waliwekewa kurasa zao chini ya kichwa cha Mkoba Mzito. Wa katikati waliwekewa Mkoba wa Kati. Na wale wanaopapasa mfuko kwanza ndipo waagize kahawa, wao walikuwa na Mkoba Mwepesi.

Watu walimwonea wivu. Unalipwa kulala, na bado unalalamika? Hawakujua. Katika hoteli za Mkoba Mzito mito ilirundikwa kitandani mpaka ukaanza kuitupa chini kutafuta mahali pa mwili, na wahudumu walikuinamia mpaka ukavionea haya viatu vyako. Za Mkoba wa Kati zilifanana zote, kuanzia kapeti mpaka picha ya mawe juu ya kitanda. Deolinda aliamka kwenda kukojoa akagonga ukuta, kwa sababu mlango aliokuwa akiutafuta ulikuwa wa Braga, naye yuko Coimbra. Goti lilimuuma. Gurudumu moja la sanduku lilikuwa limekufa, na alipoliburuta juu ya mawe ya barabara watu walifungua madirisha kuona kuna nini.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya kujificha. Mkaguzi akijulikana tu, atapewa chumba kizuri, maua mezani na tabasamu la bure, na kitabu kitakuwa cha uongo. Kwa hiyo alijiandikisha kwa jina la ukoo wa mama yake, akalipa kama wengine, asiombe lolote. Hilo alikuwa akijivunia. Mengine yote ya kazi ile yalikuwa yamemchosha, lakini sifa yake ya kusema ukweli aliishika.

Katika safari yote ilikuwepo nyumba moja tu aliyoitamani. Ilikuwa Porto, mtaa wa Bonfim, barabara ya mlimani, ukutani wamebandikwa mbayuwayu watatu wa udongo, mmoja amevunjika bawa. Nyumba ya wageni yenyewe iliitwa hivyohivyo, Mbayuwayu Watatu, na mwenyewe alikuwa Bi Hermínia, mjane wa makamo ya bibi, mfupi, mwenye ulimi usiokopesha. Kila mwaka Deolinda alipewa chumba namba tatu. Kilikuwa kidogo, lakini ukuta wake mmoja ulipitiwa na bomba la moshi la jikoni, kwa hiyo kilikuwa na joto usiku kucha, na shuka zilinukia sabuni na pasi. Asubuhi Bi Hermínia aliweka kahawa mezani akamuuliza, "Umelalaje, binti?" Na Deolinda, mwenye nywele nyeupe kuliko nyeusi, alifurahi kuitwa binti, akajibu, "Vizuri sana." Ilikuwa kweli. Kwake Lisbon, tangu mama yake afariki, hakuna aliyemuuliza amelalaje.

Mwaka huu alikuja na mzigo moyoni. Mhariri wake, Valdemar, alikuwa amempigia simu akiwa Coimbra.

"Dada, kurasa zimekatwa. Kila mji, Mkoba Mwepesi unabaki na nyumba moja tu."

"Porto ni Mbayuwayu Watatu. Umemaliza?"

"Sijamaliza. Barua za wasomaji umeziona? Kila mwaka watu wanaandika kuhusu nyumba hiyo. Godoro limeloa. Ukuta unanuka."

"Wasomaji wako wamedekezwa. Wanataka senti mbili zizae jumba la mfalme."

"Kuna ile mpya karibu na mto. Ya masanduku, kila mgeni analala ndani ya lake."

"Makabati ya kuwekea watu."

"Hayohayo. Vijana wanayapenda. Pita uyaone, halafu Jumatatu niambie ipi inabaki. Ila nataka ukweli, Deolinda. Huruma sikulipi."

Simu ilipokatika aliketi ukingoni mwa kitanda cha hoteli, hakujua ya ngapi, akasikia uchovu ukimpanda kuanzia miguuni. Maana alijua. Bi Hermínia hakuwa na tovuti wala bango barabarani. Wageni wake walipanda mlima ule na kitabu mkononi, kidole kikiwa kwenye ukurasa. Mwenye jengo, aliyempangisha, alikuwa amekaa mkao wa kula, anangoja mama atoke apageuze nyumba za kupangisha matajiri. Kumtoa Bi Hermínia kitabuni kulikuwa kumtoa nyumbani kwake, na kalamu ya kufanya hivyo ilikuwa mkononi mwa mtu aliyekula chumvi yake miaka yote hiyo. Akaapa hatamtoa.

Wafanyakazi wa treni wakatangaza mgomo wa kesho yake. Deolinda, aliyekuwa amempigia simu Bi Hermínia kuweka nafasi ya siku hiyohiyo, akaona afadhali asafiri leo kuliko kukwama Coimbra. Aliposhuka Porto alianzia kwenye yale masanduku. Aliingiza kichwa, akapapasa godoro, akanusa taulo, akafungua bomba akasubiri maji ya moto, yakaja mara moja. Palikuwa pakavu, pasafi, pana taa ya kusomea. Alitafuta kosa akalikosa, na jambo hilo lilimuudhi mpaka akatoka bila kumuaga yule kijana wa mapokezi.

Akapanda mlima, sanduku likipiga kelele nyuma yake, mvua ikimwingia shingoni. Akagonga kwa Bi Hermínia.

Mama alifungua, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, na badala ya kumpisha akasimama palepale mlangoni.

"Wewe ni wa kesho."

"Kesho treni zinagoma, Bi Hermínia. Nimeona nije leo."

"Watu wa Lisbon nyie. Wala majani, hata tarehe zinawashinda."

"Na nyie wala utumbo, mgeni mnamwacha mvuani?"

Huo ulikuwa utani wao wa kila mwaka. Watu wa Porto huwaambia wa Lisbon kuwa wanakula majani kama sungura, na wa Lisbon huwaambia wa Porto kuwa nyama waliwapa wengine wakabaki na utumbo, na mpaka leo hakuna aliyeuawa kwa sababu hiyo. Kwa kawaida Bi Hermínia alicheka hapo. Leo hakucheka.

"Ingia jikoni, kuna supu. Chumba bado. Mgeni ametoka sasa hivi, sijatandika. Kaa hapo, usipande, ngazi zimelowa. Naenda kuanua shuka chini ya bati la uani."

Akatokea mlango wa nyuma. Deolinda akaitazama supu ya viazi na majani, akaona hana hata nguvu ya kushika kijiko. Alichotaka ni kunyoosha goti. Godoro tupu lingemtosha, shuka zingefuata baadaye. Njia aliijua. Akajivuta kwenye ngazi, ambazo hazikuwa zimelowa hata kidogo, akafungua mlango wa namba tatu.

Kitandani kulikuwa na gauni la kulalia la flaneli, limekunjwa. Juu ya kimeza palikuwa na glasi ya meno ya bandia, dawa za presha, redio ndogo na picha ya marehemu mume wa Bi Hermínia akiwa na masharubu. Chini ya dirisha viatu vya nyumbani vilikaa pamoja, visigino vimelalia upande mmoja. Msumarini lilining'inia lile koti jeusi la kanisani ambalo Deolinda aliliona kila mwaka nyuma ya mlango wa jikoni. Hakikuwa chumba cha mgeni aliyetoka sasa hivi. Mtu alikuwa ameishi humu miaka mingi.

Alikuwa bado amesimama aliposikia pumzi nyuma yake. Bi Hermínia alikuwa mlangoni, amekumbatia shuka.

"Nilikuambia ukae jikoni."

"Hiki ni chumba chako."

"Vyumba vyote humu ni vyangu."

"Bi Hermínia. Unalala hapa?"

Mama akaweka shuka juu ya kiti, akaichukua glasi ya meno akaificha chini ya aproni, jinsi mtu anavyomficha mtoto aliyevua nguo mbele za watu.

"Na mimi nikija, wewe unalala wapi?"

"Benchi la jikoni. Usinitolee macho. Kuna jiko pale, hakuna baridi."

Deolinda akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa namba tano."

"Wa nini sasa?"

"Nipe tu, na za vingine pia."

Namba tano ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Alipofungua, harufu ilimpokea kabla hajawasha taa. Ukungu ulikuwa umepanda kona hadi dari. Beseni lilikuwa sakafuni likipokea tone, na kitanda kilikuwa kimesogezwa pembeni kukwepa tone jingine. Akabonyeza godoro, mkono ukarudi na baridi. Namba nne ilikuwa vilevile. Namba sita ilikuwa mbaya zaidi. Hakwenda ya saba.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Deolinda alikuwa amefungua mlango mmoja tu, uleule, miaka yote. Na la kumchoma zaidi ni kwamba yeye si mgeni wa mambo hayo. Alizaliwa Setúbal katika nyumba yenye chumba cha mbele, kama nyumba zote za watu wa kawaida nchini kwao. Viti vimefunikwa vitambaa, vikombe vizuri kabatini, mlango umefungwa mwaka mzima kungoja mgeni. Wenyewe walijazana jikoni wanakula kwenye mabakuli yenye nyufa. Alichapwa na mama yake kwa kukikalia kiti cha mle. Akijua yote hayo, aliwekwa katika chumba cha mbele cha Bi Hermínia akatoka kwenda kuiambia nchi nzima kwamba nyumba yote iko hivyo.

Alirudi jikoni akaketi. Supu ilikuwa imepoa. Bi Hermínia akairudisha sufuriani kuipasha tena, mgongo ukiwa umegeuzwa.

"Umenijua tangu lini?" Deolinda akauliza.

"Mwaka wa pili. Mtu wa kawaida hanusi taulo, binti. Mtu wa kawaida akifungua bomba hashiki saa. Halafu akaja bwana mmoja na kitabu, akanisomea: chumba kidogo chenye joto, ukuta una moto wa jikoni. Nikasema, chumba hicho ninacho kimoja, na mgeni aliyelala humo ni mmoja."

"Umenidanganya."

Hapo mama akageuka, na mwiko mkononi. "Mimi? Mwaka ule wa kwanza sikukujua hata jina. Umekuja umelowa, umechoka, huna mtu. Paa la nyuma lilishaanza kuvuja. Ningekulaza majini? Nikakupa kitanda changu. Kwetu mgeni anawekwa pazuri. Kukukirimu nilikukirimu. Kwenda kuandika ulikwenda mwenyewe, mimi sikukutuma."

Deolinda aliwafikiria wale walioandika barua, wanafunzi, walimu wastaafu, maharusi wasio na kitu, waliopanda mlima ule kwa neno lake wakalala pale penye beseni. Naye akawaita waliodekezwa. Aibu ilimshika hadi masikioni. Alikuwa akijisifu kwamba hapokei hongo, kumbe alikuwa ameipokea kila Novemba, ina joto, inanukia sabuni, na kila asubuhi akaisifu.

"Mwaka huu wanataka nyumba moja tu," akasema. "Nilikuja kukupigania. Nimeapa sikutoi. Nikikutoa wageni hawaji, na wageni wasipokuja utakula nini? Utakwenda wapi?"

"Amarante."

"Wapi?"

"Amarante, kwa dada yangu. Ananiita tangu mume wangu afe. Ana nyumba, ana kuku, ana televisheni kubwa. Na huyu mwenye jengo kila mwaka ananiletea karatasi, nitie sahihi anipe cha kuanzia maisha, nimpishe. Kila mwaka namfukuza."

"Kwa nini?"

Bi Hermínia akaweka bakuli mezani, akaweka na kipande cha mkate wa mahindi, akaketi. Kuketi kwenyewe kulimchukua muda. Deolinda akaiona mikono yake, vifundo vimevimba, na akakumbuka kwamba benchi la jikoni lilikuwa jembamba kama ubao wa kupigia pasi.

"Kila mwaka mvua zikianza nasema, Hermínia, basi sasa, funga. Magoti yangu hayana hamu na ngazi. Nachukua kabisa koti langu. Halafu simu inalia, naisikia sauti yako: naomba chumba kwa usiku mmoja. Hata jina unadanganya, masikini. Nasema nikifunga, yule binti akija Porto atalala wapi? Nani atamuuliza amelalaje? Nalitundika koti."

Mvua ilikuwa ikipiga bati la uani. Deolinda alimtazama mama, mama akamtazama yeye. Mmoja aliiacha nyumba wazi kwa ajili ya mwenzake, mwenzake akaiweka kitabuni kwa ajili yake, na kati ya huruma hizo mbili watu wasio na hatia walikuwa wakilowana miaka yote.

"Basi umenichosha bure," Bi Hermínia akasema.

"Na wewe umenichosha bure."

"Kula supu."

Akala. Hawakucheka, walikuwa wamechoka mno kucheka, ila Bi Hermínia alipomwongezea soseji bakulini Deolinda aliona bega lake linatikisika kidogo. Walipomaliza akamsukumia kisu na bakuli la viazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. La Deolinda lilikuwa limecheleweshwa sana. Akamenya viazi vya kesho, vibaya, akinyofoa ganda pamoja na nyama ya kiazi, na mama akamwambia kuwa mke wa namna hiyo angerudishwa kwao siku ya harusi.

Giza lilipoingia Bi Hermínia akainuka aelekee namba tatu kutandika zile shuka, kwa mazoea.

"Usitandike," Deolinda akasema. "Leo silali humo."

"Unalala wapi? Kwenye makabati?"

"Namba tano."

Alitegemea kukataliwa. Mama akafikiri, akatikisa kichwa taratibu, kukubali.

"Ni haki," akasema. "Ulale ulipowalaza wenzako."

Hata hivyo akampa mablanketi mawili ya kuongeza, na akamwonyesha beseni la kubadilishia. Deolinda alilala na koti mwilini na soksi mbili mbili. Godoro lilikuwa baridi kama sakafu ya msikiti wakati wa mvua. Tone lilidondoka, likangoja mpaka akaanza kusinzia, likadondoka tena. Lakini upande wa pili wa ukuta alisikia kitanda kikilia, mtu akijigeuza katika joto lake mwenyewe, halafu mkoromo, mnene, wa raha, usiojali mgeni. Alilala macho akiusikiliza.

Asubuhi aliteremka akishikilia ukuta. Shingo haikugeuka upande wa kushoto, na nywele zilinuka ukungu. Bi Hermínia alikuwa amekwisha kuweka kahawa na mkate uliookwa. Uso wake ulikuwa umenyooka, kama shati lililopigwa pasi.

"Umelalaje, binti?"

Mdomo wa Deolinda ulianza kutamka lile jibu la siku zote. Akaufunga.

"Vibaya, Bi Hermínia. Vibaya sana. Maji yameniingia sikioni."

"Haya. Andika hivyohivyo." Akammiminia kahawa. "Mimi nimelala fofofo."

Deolinda akainywa nusu, kisha akachukua simu akampigia Valdemar palepale mezani, bila kungoja Jumatatu. Akamwambia abakishe ya masanduku, ni pakavu na maji ni ya moto. Akamwambia pia aweke mstari mmoja chini ya ukurasa, kwamba mkaguzi alikosea kuhusu Mbayuwayu Watatu, tangu mwaka wa kwanza, na kwamba wasomaji walioandika walisema kweli. Valdemar akauliza mara mbili kama anaumwa. "Nimechoka tu," akajibu, akakata.

Bi Hermínia alikuwa amekwenda kulichukua lile koti la kanisani. Akalikung'uta, akalitazama kwenye mwanga, akaliweka juu ya kiti badala ya kulirudisha msumarini.

"Amarante kwa dada yangu kuna kochi," akasema, bila kumtazama. "Spring zake zinachoma mbavu, na mbwa hulala hapohapo. Nakuambia mapema, usije ukasema nilikuficha."

"Huyo mbwa ananuka?"

"Sana."

"Nitakuja Novemba ijayo," Deolinda akasema, na akasukuma kikombe chake kiongezwe.